Nyati, ngoma na mto unaojipinda: Hazina ya Buha mbele ya wachoraji wa leo

MTO Malagarasi hauna haraka. Unaanzia katika milima ya mpakani mwa Tanzania na Burundi, mahali ambapo Ziwa Tanganyika haliko mbali kwa upande wa magharibi, lakini badala ya kuteremka moja kwa moja kulifuata ziwa hilo, unalipa kisogo. Unaelekea kaskazini mashariki, unageuka kusini, unapotelea katika mabwawa na matete, kisha unarudi magharibi na kuingia ziwani kusini mwa mji wa Kigoma. Katika safari hiyo mto unakuwa umezikumbatia nyanda za juu za Kasulu na Kibondo kwa karibu pande tatu, mfano wa chatu aliyeyazungushia mayai mwili wake.

Mwanajiografia akiulizwa sababu ya mzunguko huo ataeleza habari za miamba na miinuko. Mchoraji wa mkondo unaozungumziwa katika makala haya ataanza na yule chatu. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya anayechora mandhari na anayechora maana ya mandhari, na tofauti hiyo ndiyo inayowasumbua watazamaji wengi wa mijini wanaposimama mbele ya picha yenye ng'ombe wa buluu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, au mti unaotoa mikono badala ya matawi. Wengi huuliza kwa nini mchoraji hakuchora ng'ombe kama alivyo. Jibu fupi ni kwamba hakuwa anachora ng'ombe.

Uchoraji unaochota katika maumbile, visasili na ishara si jambo la juzi wala si mali ya watu fulani. Huko Ulaya ulipewa jina rasmi mwaka 1886, pale mshairi Jean Moréas alipochapisha tamko lake katika gazeti la Le Figaro la Paris, akitetea sanaa inayogusa mawazo yaliyofichika badala ya kunakili sura ya vitu. Tamko lile liliwahusu zaidi washairi, lakini wachoraji walilidaka. Miaka mitano baadaye Paul Gauguin alipanda meli kwenda Tahiti kutafuta visasili ambavyo aliamini nchi yake imekwisha kuvipoteza. Katika Afrika Mashariki wachoraji hawakuhitaji kupanda meli. Visasili vilikuwa jikoni kwa bibi zao.

Shule ya sanaa ya Makerere nchini Uganda, iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, ndiyo iliyoweka msingi wa uchoraji wa darasani katika ukanda huu. Trowell hakupenda kuwaketisha wanafunzi mbele ya chungu na kuwaamuru wakinakili. Aliwasimulia kisa, kisha akawataka wachore walichokiona vichwani mwao. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, aliyekuja kuwa mwalimu hapo hapo Makerere na baadaye balozi wa kwanza wa Tanganyika huru nchini Uingereza.

Ntiro alichora migomba, mashamba, njia za milimani na watu wanaofanya kazi kwa pamoja, na mengi ya hayo aliyachora akiwa mbali na nyumbani. Picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960. Watu wake hawana sura za kutambulika mmoja mmoja, na milima yake haitii kanuni za umbali walizofundishwa wachoraji wa Ulaya. Hakuwa ameshindwa. Alikuwa akichora jamii, na katika jamii anayoikumbuka hakuna aliye mbali hata awe mdogo kuliko wengine.

Mtu wa Kasulu akiitazama picha ile hatahitaji mkalimani. Migomba ni ileile, vilima ni vilevile, na pombe ya ndizi anaijua. Kinachobadilika ni lugha ya wabebaji.

Lakini aliyelikaribia zaidi jambo lenyewe ni mtu ambaye Ntiro alimsaidia kuinuka: Jak Katarikawe. Alizaliwa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, katika nchi ya vilima na ng'ombe wenye pembe ndefu. Hakubahatika kukaa darasani. Alikuwa dereva wa David Cook, profesa wa fasihi wa Makerere, na michoro yake ilipoonekana ndipo Ntiro alipomtia moyo. Baadaye alihamia Nairobi, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 2018.

Katarikawe alisema picha zake humjia ndotoni, na anayezitazama ana kila sababu ya kumsadiki. Ng'ombe wake hukumbatiana, hunong'onezana, hulia wivu. Wana rangi za upinde wa mvua na miili yao huyeyukiana hata mtazamaji asijue pembe hii ni ya nani. Wapo waliomwita Chagall wa Afrika Mashariki, wakimlinganisha na mchoraji wa Kiyahudi mzaliwa wa Vitebsk aliyewapaisha ng'ombe na maharusi juu ya mapaa ya nyumba. Ni sifa, ingawa inamfanya Katarikawe aonekane mtoto wa mtu asiyemjua. Katika jamii za wafugaji za maziwa makuu ng'ombe hakuwa nyama na maziwa tu. Alikuwa mahari, mkataba, urafiki na cheo. Kumchora ng'ombe akimwonea mwenzake wivu ni kusimulia mambo ya ndoa bila kumtaja jirani kwa jina.

Hapo ndipo Buha inapoingia. Nchi ya Waha, ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Kasulu, Kibondo, Buhigwe, Kakonko na nyinginezo, ilikuwa na falme kadhaa, kila moja ikiwa na mwami wake. Heru ilikuwa upande wa Kasulu. Muhambwe na Buyungu zilikuwa upande wa Kibondo, na majina hayo yaliendelea kuishi katika majimbo ya uchaguzi. Ng'ombe ndiye aliyezifunga pamoja tabaka za falme hizo. Kwa utaratibu ulioitwa ubugabire, mwenye ng'ombe alimpa asiye naye mnyama wa kumtunza, na kuanzia siku hiyo wawili hao walifungwa na kamba isiyoonekana ya wajibu na utii. Kamba isiyoonekana ni kazi ya mchoraji kuionyesha. Kamera haiwezi.

Ngoma nayo ina hadithi yake. Katika Kirundi, lugha iliyo pacha na Kiha, neno ingoma lina maana mbili: chombo kinachopigwa na utawala wa mfalme. Kusema ngoma imenyamaza ni kusema ufalme umekwisha. Warundi waliiwasilisha ngoma yao ya kifalme mbele ya dunia, na mwaka 2014 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, likaiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mchoraji anayeweka ngoma iliyopasuka katikati ya turubai kwa mtazamaji wa ukanda huu hahitaji kuandika chini yake kwamba hii ni picha ya siasa.

Kisha kuna Kiranga. Huyu ndiye bwana wa mizimu katika ibada ya kubandwa iliyoenea Burundi na Buha. Nchini Rwanda anajulikana zaidi kama Ryangombe. Kisa chake, kama kisimuliwavyo upande wa Rwanda, ni cha mwindaji shujaa aliyekwenda porini licha ya kuonywa na mama yake, akauawa kwa pembe za nyati. Mti wenye maua mekundu uitwao umurinzi, yaani mlinzi, ndio uliompokea, na tangu hapo mti huo ukawa kitovu cha ibada.

Msomaji na akitafakari kidogo kisa hicho kwa macho ya mchoraji. Kuna mama anayeona kabla ya mwanawe, kuna mwindaji anayegeuka kuwa windo, na kuna mti unaochanua rangi ya damu. Vyote vimo katika sentensi mbili za masimulizi ya wazee. Kasri za Ulaya zimejaa picha za visa vya Wagiriki visivyokuwa na uzito kuzidi huo.

Tofauti inayofaa kuangaliwa ni hii. Nyati amechorwa maelfu ya mara nchini Tanzania. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao laini, na wanyama wa pori ndio waliompa jina. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, lakini wanafunzi na jamaa zake wakaendeleza mtindo wake, na mwaka 1990 wakasajili chama chao cha ushirika kilichoko Oysterbay. Nyati wao ni mzuri, ana madoa, ana rangi zinazong'aa, naye hununuliwa na mtalii anayeondoka kesho. Nyati wa Kiranga anaua. Mnyama ni yuleyule, ila wa kwanza ni pambo na wa pili ni ishara.

Si haki, hata hivyo, kuwatia wachoraji wa Tingatinga wote katika kapu moja. Mohamed Charinda, naye wa Tunduru, alijulikana kwa picha zinazosimulia visa vya vijijini, majini na maajabu kwa undani ambao mnunuzi wa haraka asingeuona. Na pembeni ya mkondo huo alisimama George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliyeanza kama mchonga vinyago na kupata nafasi yake katika Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. Mashetani wake wenye masikio makubwa na vidole vichache wanacheka, wanapanda baiskeli, wanagombana na wake zao. Lilanga alichukua viumbe wa hofu akawafanya kioo cha watu wa mjini, na wanunuzi wa Ulaya, Japani na Marekani wakampigania.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi. Aliwapa vijana rangi na kuwakataza kuiga Ulaya. Kati yao alitoka Pilipili Mulongoy, aliyejaza picha zake ndege, samaki na nyoka katika ulimwengu ambamo kila kiumbe anakula au analiwa, na nafasi yote iliyobaki huifunika kwa nukta na majani. Bela Sara alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alitumia mistari mifupi iliyobanana kama ukili. Mwaka 2015 kazi zao zilionyeshwa tena jijini Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, na waliozoea kudhani kwamba uchoraji wa kisasa wa Afrika ulianza juzi walipata somo.

Kizazi kilichofuata Lubumbashi hakikuwachorea Wazungu. Kiliwachorea majirani. Katika miaka ya 1970 kuta za sebule za wafanyakazi wa Katanga zilipambwa kwa picha ya mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki anayekaa kando ya maji. Humpa mwanamume utajiri kwa sharti la kutunza siri, na siri ikivunjwa, au hata isipovunjwa, malipo huja kuwa mazito. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi yake katika picha 101 na kuieleza kwa Kiswahili kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Wachoraji na wanunuzi wa Katanga walikuwa na neno moja kwa picha za namna hiyo: ukumbusho. Hawakumaanisha zawadi ya safari. Walimaanisha kitu kinachomfanya mtu aketi na kufikiri.

Neno hilo lina uzito wa pekee Kasulu na Kibondo, kwa sababu mambo ya kukumbukwa huko yamepata misukosuko mikubwa. Dini za kigeni zilipofika ziliikuta kubandwa na kuiita ushetani. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na wami wakabaki watu wa kawaida. Kati yao alikuwemo mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyeshika utawala wa Heru tangu miaka ya 1940. Mwaka 1972 ilifuata Operesheni Kigoma, ambayo iliwatoa watu katika makazi yaliyotawanyika vilimani na kuwakusanya katika vijiji vya barabarani. Hata kama operesheni ile ilileta shule na zahanati, iliwatenga watu na makaburi, miti na mahame yaliyokuwa yakishikilia hadithi zao. Kisa cha mti hakisimuliki vizuri pale mti usipoonekana.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na umanamba. Kwa miongo mingi wanaume wa Buha walisafirishwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, mashamba yaleyale aliyoyajua kijana Tingatinga. Mkoa ulisifiwa kwa nguvu za mikono ya watu wake. Yaliyomo vichwani mwao hayakuulizwa.

Halafu wakaja wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea watu wa Kivu Kusini waliokimbia vita vya Kongo. Ghasia za Burundi za mwaka 2015 ziliijaza zaidi, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa upya mwaka huohuo. Tangu hapo, anayetafuta picha za Kasulu na Kibondo katika magazeti ya dunia hukuta mahema, foleni za chakula na vilima vilivyokatwa kuni. Anayetafuta picha za Kigoma nje ya kambi hukuta sokwe wa Gombe waliofanywa maarufu na hayati Jane Goodall tangu mwaka 1960. Baina ya mkimbizi na sokwe, Muha mwenyewe hana mahali pa kusimama.

Hapo ndipo uchoraji wa ishara unapoweza kufanya kazi ambayo taarifa za mashirika haziwezi. Misitu ya miombo inayopungua ni takwimu hadi mtu aichore kama mzinga wa nyuki uliotobolewa. Mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi, yaliyoorodheshwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kupata hadhi hiyo, yana eneo la hekta zaidi ya milioni tatu na yanamhifadhi yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, anayesimama kimya saa nzima akingoja samaki. Ni vigumu kufikiria kiumbe aliyeumbwa zaidi kwa ajili ya ishara: mzee wa kesi asiyetoa hukumu.

Vikwazo ni vya kweli, na si busara kuvifunika. Kasulu iko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam, ambako ndiko wanunuzi waliko na ambako vituo kama Nafasi Art Space, kilichoanzishwa mwaka 2008, huwapa wachoraji mahali pa kufanyia kazi na kukosoana. Mtalii wa Zanzibar na Arusha hapiti Kibondo. Kijana mwenye kipaji cha brashi katika mji mdogo hupata riziki kwa kuandika vibao vya maduka na kuchora nembo za shule, na hilo si jambo la kubeza, kwani hata Pilipili Mulongoy alianzia kwenye kupaka rangi majengo.

Kikwazo kingine hakisemwi hadharani. Waha wameandamwa kwa muda mrefu na sifa ya uganga, sifa ambayo watu wa mikoa mingine huitaja kwa mzaha wenye hofu ndani yake. Mchoraji wa Kimakonde akichora shetani, mnunuzi anasema ni utamaduni. Muha akimchora Kiranga, jirani anaweza kuuliza amejuaje sura yake. Kanisani atahojiwa, msikitini vilevile. Lilanga aliutegua mtego huo kwa kicheko. Katarikawe aliutegua kwa kusema aliota. Ntiro aliuepuka kabisa kwa kuchora kazi na harusi. Kila mmoja alikuwa na ujanja wake, na mchoraji wa Buha atalazimika kutafuta wa kwake.

Gharama za rangi na turubai, ambazo mara nyingi hutajwa kwanza, pengine ndizo ndogo kuliko zote. Kaskazini mwa Kibondo, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, iko Nyakarambi, makao ya sanaa ya imigongo. Masimulizi ya huko humtaja Kakira, mtoto wa mfalme wa Gisaka, kuwa ndiye mwanzilishi wake. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kuwa matuta ya pembe tatu na mizunguko ukutani, kisha hupakwa rangi. Nyeupe hutoka kwenye udongo mweupe, nyekundu kwenye udongo mwekundu, nyeusi kwenye utomvu wa mshubiri na majivu ya maganda ya ndizi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 sanaa hiyo ilikuwa imebakia mikononi mwa watu wachache sana, hadi vikundi vya ushirika vya wanawake vilipoichukua upya na kuihamishia kutoka ukutani kwenda kwenye vibao vinavyobebeka. Ng'ombe, ndizi na udongo mwekundu vipo Kasulu, na havisubiri fedha za mfadhili.